Dakika Ishirini za Mwalimu Thaung Hpe

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Desemba, sisi tuliomaliza sekondari mwaka 1984 tunavaa shati jeupe na longyi ya kijani, kitambaa cha kujifunga kiunoni, tunarudi shuleni kwetu kuwasujudia walimu. Sare tunashona upya kila baada ya miaka michache, maana za zamani hazipiti nyonga za mtu yeyote isipokuwa Zaw Latt, aliyekuwa mwembamba kama ufito na bado ni ufito. Walimu wanakaa vitini jukwaani. Sisi tunapiga magoti sakafuni, tunainama mara tatu mpaka paji la uso liguse mkeka, kisha tunawaomba kwa sauti moja watusamehe yote tuliyowakosea kwa mwili, kwa maneno na kwa mawazo. Wanatusamehe, wanatutakia maisha marefu, halafu tunakula mohinga, tambi za mchuzi wa samaki, mpaka hata sare mpya zinatubana.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, tangu sherehe ya kwanza miaka kumi na minne iliyopita. Nakodi viti, natafuta mikeka, nawafuata majumbani walimu wasioweza kutembea. Duka langu la mablanketi pale sokoni hufungwa wiki nzima. Watu husema Thuza ana moyo wa shukrani, Thuza alizaliwa monita na atakufa monita. Nawaacha waseme. Ukweli ni kwamba mwaka 1984 nilifanya jambo, mtu mwingine akachapwa kwa ajili yake, na maombi yale ya msamaha wa jumla yananifaa sana. Kila Desemba nalipitisha kosa langu humo, katikati ya makosa ya watu thelathini, bila mtu yeyote kulikagua.

Bora niliseme hapa mapema, kabla hujaanza kunidhania mwema.

Mwalimu Thaung Hpe alitufundisha jiografia. Alikuwa na mchezo mmoja ambao sijauona kwa mwalimu mwingine: alikuwa anachora mto Irrawaddy wote, kuanzia milima ya kaskazini mpaka unapogawanyika baharini, mkono ukiwa nyuma ya mgongo na macho yake kwetu, ili asimkose mtu anayesinzia. Na ukisinzia hakufoki. Anashusha sauti. Anashusha, anashusha, mpaka darasa zima linainamia mbele kumsikia, na kimya hicho ndicho kinachokuamsha, unakuta watu wote wanakutazama. Jumatatu alituachia swali, jibu alilitoa Ijumaa. Katikati hapo tulikuwa tunatembea nalo, tunabishana nalo njiani, tunaoga nalo mtoni.

Swali la wiki ile lilikuwa hili: kwa nini mawingu yanatupita? Ng'ambo ya mlima, kule Rakhine, watu wanatembea kwenye maji mpaka mapajani. Upande wetu huu ni vumbi, mikwaju na miiba. Ijumaa ya jibu wakaja wakaguzi watatu kutoka Mandalay. Mji mzima ulijua wamekuja kumwona Mwalimu Thaung Hpe akifundisha, na wakiridhika, yeye ndiye mkuu wa shule ajaye. Akachora mlima mkubwa, akachora mawingu yanakuja kutoka baharini, na zikiwa zimebaki dakika ishirini chaki ikamwishia mkononi.

"Thuza," alisema, "kalete chaki."

Nikaenda ofisini, nikachukua boksi. Kurudi nikapita chini ya mkwaju, pale kiliponing'inia kipande cha reli, ndiyo kengele yetu, na nyundo yake kwenye msumari. Siku hiyo tamasha la pagoda lilikuwa limeanza, na ngoma zilisikika kutoka uwanjani. Wachekeshaji walikuwa wanaanza saa tisa. Nikawaza kwamba kengele ikilia sasa hivi nitawahi nafasi ya mbele. Sina sababu nzuri zaidi ya hiyo, na nimeitafuta kwa miaka thelathini. Nikagonga hesabu yote ya kwenda nyumbani.

Wanafunzi mia nne wakamwagika nje. Wa darasa letu waliwakanyaga wakaguzi vidole vya miguu. Nikajichanganya nao nikakimbia. Nilisimuliwa baadaye kwamba Mwalimu alibaki peke yake mbele ya ubao, mkono bado uko nyuma ya mgongo, na wakaguzi wakifunga madaftari yao.

Mlinzi alimkuta Pho Lon nyuma ya ule mkwaju. Pho Lon alikuwa mvulana mnene mwenye njaa ya kudumu, tuliyempenda wote na kumchokoza wote. Aliulizwa anafanya nini pale karibu na kengele wakati wa kipindi, akafunga mdomo na kuufunga kabisa. Jumatatu, mbele ya shule nzima, mkuu wa shule alimkabidhi Mwalimu Thaung Hpe fimbo. Mwalimu hakuwa amewahi kumchapa mtoto. Alimchapa Pho Lon tano kwenye vigimbi vya miguu, na Pho Lon hakusema neno. Nami nilisimama mstari wa mbele, nikiwa na beji yangu ya monita, nikihesabu.

Baada ya mitihani Pho Lon aliingia utawani, hakutoka tena. Mwalimu Thaung Hpe hakuupata ukuu wa shule. Alistaafu akiwa mwalimu wa jiografia. Boksi la chaki nilikuwa nimelitupa mtoni jioni ileile ya Ijumaa.

Sasa, mwaka huu. Kamati ilikutana kwenye mgahawa wa chai wa Nwe Ni, aliyekuwa akikaa nami dawati moja, mwanamke mwenye roho safi na mdomo usio na mfuniko. Zaw Latt alikuja na mikono yake ya ufundi pikipiki, akaambiwa akanawe kabla hajagusa sahani ya saladi ya majani ya chai. Mikutano yetu haina ajenda. Tunaanza na viti na mikeka, na baada ya kikombe cha kwanza tumeshahamia kwa walimu.

Zaw Latt alianza na Mwalimu Daw Kyin Hla wa hisabati, aliyekuwa anamwita kila mwanafunzi kwa alama zake za mtihani wa mwisho. Alisema juzi tu amekutana naye sokoni, mama wa watu ana miaka sabini na sita, anatembelea mkongojo, akamwinulia kidole mbele ya wateja: wewe Kumi na Saba, shika kikapu hiki.

"Ukampokea?" Nwe Ni aliuliza.

"Nikampeleka mpaka kwake. Nikiwa njiani nikamwambia, Mwalimu, mimi sasa nina gereji na mafundi wanne. Akaniuliza, nne jumlisha kumi na saba ni ngapi?"

Nwe Ni naye akarudia hadithi yake, ile ambayo hulia kila akiisimulia. Baba yake alitaka kumtoa shule akauze chai. Mwalimu Thaung Hpe akaja mgahawani jioni tatu mfululizo, akaagiza chai, akanywa, akazungumzia bei ya karanga, akaondoka. Shule hakuigusa. Jioni ya tatu ni baba mwenyewe aliyeshindwa kuvumilia, akasema haya, haya, binti atarudi darasani kesho. Nwe Ni akajifuta macho na kitambaa cha meza, akaanza kuwatukana wateja wasiolipa mapema, ambayo ndiyo njia yake ya kujituliza.

Hapo nikatoa barua. Ilifika wiki ileile kutoka Meiktila, anakoishi Mwalimu kwa binti yake, na mwandiko ulikuwa bado ni ule wa ubaoni. Ilisema: Thuza, mwaka huu natimiza miaka themanini. Nitakuja, mradi Pho Lon awepo. Usipomleta, usinihesabie kiti.

Wote wawili waliliona tatizo papo hapo. Pho Lon siku hizi ni Mheshimiwa Wimala, mkuu wa nyumba ndogo ya watawa ng'ambo ya mto. Mtawa hamsujudii mtu wa kawaida, hata awe mama yake mzazi. Ni sisi tunaomsujudia yeye. Akiingia ukumbini, Mwalimu Thaung Hpe, mzee wa miaka themanini, ndiye atakayeshuka kitini na kumpigia magoti mvulana aliyemchapa. Ndiyo maana Mheshimiwa Wimala hajawahi kuja hata mara moja, na ndiyo maana hatukuwahi kumlaumu.

Zaw Latt akasema tuwakalishe vyumba viwili tofauti, wasikilizane kwa kipaza sauti. Nwe Ni akasema Mwalimu naye anyolewe awe mtawa kwa wiki moja, kama wanaume wengi wanavyofanya. Nikamkumbusha kwamba mtawa wa wiki moja anamsujudia mtawa wa miaka thelathini vilevile. Zaw Latt akauliza vipi tukizima umeme.

"Tukizima umeme ndiyo nini?" nilimuuliza.

"Kila mtu afanye anachotaka, asionekane."

Nikasema kwa sauti ya huzuni kwamba basi haiwezekani, nitamwandikia Mwalimu kumwomba radhi. Ndani yangu, nakiri, nilikuwa nashangilia. Pho Lon na Mwalimu katika ukumbi mmoja, habari ya kengele itaachaje kutajwa? Lakini Nwe Ni alinikazia macho. Alisema mtu aliyekunywa chai jioni tatu kwa ajili yake hatakosa kiti mradi yeye yuko hai, na kesho asubuhi mimi na yeye tunavuka mto.

Tukavuka. Mwanamke haendi kukaa peke yake na mtawa, kwa hiyo ilibidi tuwe wawili, na kuwa wawili na Nwe Ni ni sawa na kuwa na soko zima. Kama nilikuwa na nia yoyote ya kumwambia Pho Lon ukweli, na sisemi nilikuwa nayo, ilikufa hapohapo kivukoni.

Tulimkuta amemaliza kula. Kitambo, mvulana huyu alikuwa anakula kila alipofungua mdomo. Sasa hapitishi kitu baada ya saa sita mchana. Tumbo halikupungua. Tukamsujudia mara tatu, tukaweka ndizi na mablanketi mawili ya dukani kwangu, nikamweleza habari ya barua. Alisikiliza huku ametazama chini, kama inavyotakiwa, ila pembe za mdomo zilikuwa zilezile za nyuma ya darasa.

"Mama Thuza," alisema, "mimi nitakaaje juu ya kiti mzee yule akinishukia magotini? Magoti yake mwenyewe yako vipi?"

Nwe Ni akajibu kwamba la kushoto ni bovu.

"Basi. Sina ruhusa ya kumwinamia. Na kumtazama akiniinamia siwezi. Mwambieni namtakia afya kila asubuhi."

Nilitakiwa kuridhika. Nikafungua mdomo niage, na badala yake nikasikia sauti yangu ikisema kwamba barua haikusema "mwambie", ilisema "awepo", na kwamba Mwalimu hajawahi kutuuliza swali bila kuwa na jibu lake la Ijumaa. Sijui kwa nini niliyasema. Labda kwa sababu ile barua ilikuwa kweli, na mtu akiwa monita muda mrefu ugonjwa wa kufikisha ujumbe haumtoki. Mheshimiwa Wimala akaangalia mablanketi, akasema atakuja.

Usiku wa kuamkia Jumapili ile sikulala vizuri, na asubuhi nilipaka thanaka, ile poda yetu ya gome la mti, mashavuni mara mbili kwa kusahau.

Walimu tisa walikuwa hai na wamefika. Daw Kyin Hla alipita kati yetu na mkongojo wake akitaja tarakimu. Mwalimu Thaung Hpe aliletwa na binti yake. Alikuwa amekonda, amevaa koti lake la zamani la darasani, na macho yalikuwa bado ya kumtafuta anayesinzia. Upande wa kulia, kwenye kiti kirefu zaidi kilichofunikwa kitambaa, alikaa Mheshimiwa Wimala na vazi lake la rangi ya damu ya mzee. Tukawasujudia walimu, tukaomba msamaha wa jumla, na kosa langu likapita salama kwa mara ya kumi na tano. Nilishusha pumzi.

Ndipo Mwalimu Thaung Hpe akashuka kitini.

Binti yake alitaka kumshika, akamsukuma mkono. Alivuka jukwaa polepole, akasimama mbele ya Pho Lon, akashuka, goti zima kwanza, kisha lile bovu. Akainama mara tatu. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba tulilisikia goti. Kawaida mtu husema yale maneno ya jumla na kuinuka. Yeye alibaki pale, mikono imeunganishwa kifuani, akasema kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya kutuamsha, na watu wote tukainamia mbele.

"Mheshimiwa, mwaka 1984 nilikuchapa kwa kosa ambalo si lako. Nilijua siku ileile ya Jumatatu, jioni. Nilikwenda kuitazama ile nyundo, na mpini wake ulikuwa bado na alama za vidole vya chaki. Wewe Ijumaa ile mikono yako ilikuwa imejaa mafuta ya samaki, kama siku zote, nilikushika mwenyewe. Nilipaswa kurudi mbele ya shule na kusema nimekosea. Nikaona haya. Na mwalimu hawezi kumpigia magoti mwanafunzi wake, hakuna desturi ya namna hiyo. Nilipata habari umekuwa mtawa, nikafurahi, nikasema sasa kuna njia. Nimekuja kuitumia. Nisamehe."

Vidole vya chaki. Siku ile aliyetumwa chaki alikuwa mmoja tu, na aliyemtuma ni yeye. Miaka kumi na minne nimekuwa nikimwinamia mtu huyu na kumpitishia kosa langu chini ya mkeka, naye alikuwa analijua muda wote, anakaa kitini, anasubiri niliseme mwenyewe. Hakunitazama. Hakumtazama mtu yeyote ila Pho Lon.

Mheshimiwa Wimala alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili asije akashuka. Akasema amesamehe, alisamehe zamani, na Mwalimu ainuke tafadhali. Mwalimu hakuinuka. Pho Lon akakohoa.

"Mwalimu, nami niseme langu. Chakula chako cha mchana siku ile, kile chombo cha ngazi tatu. Wali, samaki, na maboga."

"Kilipotea," alisema Mwalimu.

"Hakikupotea. Nilikila nyuma ya mkwaju. Nilichukua wakati umetazama wakaguzi. Mlinzi aliponikamata nilikuwa na samaki mdomoni, nisingeweza kujibu hata kama ningetaka. Na Jumatatu uliponichapa mimi nilidhani ni kwa ajili ya chakula. Nikaona tano ni haki. Samaki alikuwa mtamu."

Mwalimu Thaung Hpe alimtazama kwa muda mrefu, bado magotini.

"Miaka thelathini," alisema, "nimemshuku paka wa mlinzi."

Ukumbi ukapasuka. Daw Kyin Hla alicheka mpaka mkongojo ukaanguka. Nwe Ni analia na kucheka kwa pamoja, Zaw Latt anagonga sakafu. Binti yake Mwalimu akamwinua baba yake, naye anatikisika mabega kwa kicheko, na nikaona jambo limekwisha. Limekwisha kabisa. Hakuna aliyeuliza chaki ilikuwa ya nani. Pho Lon alikuwa nyuma ya ule mkwaju, lazima aliniona nikigonga, hatua tano tu kutoka kwake, na nilimwona sasa akitazama chini, hanitaji. Kulikuwa na mohinga ikipata moto nje. Kilichohitajika kwangu ni kunyanyuka tu na kusema karibuni chakula, kama ninavyosema kila mwaka.

Nikanyanyuka. Nikatembea mpaka mbele ya kiti cha Mwalimu, nikapiga magoti tena, peke yangu. Kicheko kilichukua muda kuisha, kwa kuwa watu walidhani ni sehemu ya utaratibu.

"Ni mimi niliyegonga," nilisema. "Mwalimu, ulinituma chaki, nikapita kwenye kengele, nikagonga ili niwahi wachekeshaji. Nikamwacha Pho Lon achapwe. Nikakuacha ukose ukuu wa shule. Naomba unisamehe mimi, si sisi."

Nilianguka kifudifudi na sikuinua kichwa. Nilikuwa nalia, na thanaka yote ikabaki mkekani. Nyuma yangu nilimsikia Nwe Ni akivuta pumzi, na nilijua kabla ya jua kuzama hata wavuvi watakuwa na habari. Sikujali. Au nilijali, ila nilikuwa nimechoka kuliko nilivyojali.

Mwalimu alisubiri kidogo, kama anavyomsubiri mwanafunzi amalizie jibu.

"Chaki ziko wapi?" aliuliza.

"Nilizitupa mtoni, Mwalimu."

"Zote?"

"Boksi zima."

Akatafakari hilo. Kisha nikahisi mkono wake kwenye utosi wangu, mwepesi, una baridi, na akasema amenisamehe, na amesubiri kwa sababu mwalimu akikupa jibu kabla hujalitafuta linakuwa lake, haliwi lako. Akaniambia niinuke.

"Zilikuwa zimebaki dakika ishirini," alisema. "Kalete chaki."

Nilitoka ukumbini na uso wangu ule, nikapita kati ya watu thelathini waliovaa kijani, nikaenda ofisini kama nilivyotumwa. Mlinzi wa siku hizi ni kijana, aliniuliza mama una nini, nikamwambia nina haraka. Nikarudi na boksi zima. Nilipita chini ya mkwaju. Shule ina kengele ya umeme sasa, ila kile kipande cha reli bado kinaning'inia, na nyundo ipo, na nilipita bila kuvigusa.

Zaw Latt alikuwa ameshausogeza ubao wa ukumbini mbele. Wenzangu walikaa sakafuni kwa mpangilio wa madawati ya zamani, bila kuambiwa, wanabishana nani alikaa wapi. Mheshimiwa Wimala akaomba kiti chake kirefu kihamishiwe nyuma kabisa kwenye kona, ambako ndiko alikokuwa akikaa. Nilimpa Mwalimu chaki. Akachagua moja, akaipima mkononi, akaniambia niende kwenye kengele na saa, nigonge dakika ishirini zikitimia, si kabla.

Kwa hiyo somo lile nililisikia nikiwa chini ya mkwaju, kupitia dirisha la ukumbi. Alituonyesha uso wake, akapeleka mkono nyuma ya mgongo, na mlima ukapanda ubaoni, unatetemeka kidogo upande wa kilele. Akachora mawingu. Alisema wingu likifika kwenye mlima halina pa kupita ila juu, na likipanda linapata baridi, na likipata baridi linamwaga kila lilichobeba, hukohuko upande wa pili. Linalotufikia sisi ni upepo mkavu uliokwisha fanya kazi yake. "Msilichukie wingu," alisema. "Halikuwanyima. Lilifika kwenu likiwa tupu." Zaw Latt akanyoosha kidole kuuliza kama mlima ungekuwa mfupi ingekuwaje, na Mwalimu akafurahi, akaanza kuukata kilele kwa kiganja, na vumbi la chaki likamjaa koti.

Saa ya Nwe Ni ilikuwa mkononi mwangu wa kushoto, nyundo mkono wa kulia. Dakika ishirini zilitimia akiwa bado anapandisha mawingu. Sikugonga. Zikatimia ishirini na tano, akawa ameteremka upande wetu wa mlima, anachora mikwaju na miiba. Harufu ya mohinga ilikuwa imejaa uwanja mzima, na kule kwenye kona, mtu ambaye hangeonja hata kijiko, maana saa sita ilikuwa imepita, alikuwa ameinamia mbele kusikiliza.

Dakika ya thelathini na nane Mwalimu Thaung Hpe aliweka chaki chini mwenyewe. Akafuta vidole kwenye koti, akageuka, akanitazama kupitia dirishani, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo nikagonga, taratibu, hesabu yote ya kwenda nyumbani, na hakuna mtu aliyeinuka.